Wavuvi au Wenye Dhambi

Siku hizi ukifungua televisheni Jumapili alasiri unakuta mpira, na baada ya mpira unakuta watu waliovaa suti wakizungumzia mpira. Zamani saa hiyo palikuwa na kipindi kingine. Kilianza kwa filimbi, wakatokea ng'ombe wenye pembe ndefu wakishuka mlimani, halafu ikafuata nusu saa ya filamu za kale zisizo na rangi. Mwanamke anafinyanga chungu. Wazee wanachonga mtumbwi. Mtu anapiga gome la mti mpaka linakuwa nguo. Vijana wanavuta wavu ufukweni Magara. Hapakuwa na kisa chochote, hakuna aliyependana na mtu wala aliyepigwa risasi. Wajukuu zangu wakinisikia nikikisifu kipindi hicho huniuliza, "Sasa njo nini, nyogokuru? Mutu anafanya chungu, basi?" Nawajibu kwamba ndiyo, mtu anafanya chungu, basi, na ningeitoa televisheni hii pamoja na rimoti yake ili nimwone tena akikifanya.

Lakini nisijisingizie kwamba ninachokosa ni vyungu. Filamu zile nilizijua kabla televisheni haijafika nchini kwetu. Niliziona Rumonge, kwetu kando ya ziwa, nikiwa mtoto, kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili, na kando ya shuka alisimama mtu akitufasiria. Tulimwita Mfasiri. Jina lake nalijua vizuri, na la baba yake pia, ila sitaliandika hapa, na sababu ya kutoliandika alinipa yeye mwenyewe.

Mchana alikuwa fundi wa karabai, zile taa za pampu ambazo wavuvi huzibeba ziwani ili ndagala waufuate mwanga. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa Waislamu, hatua chache kutoka msikitini, na kilinuka mafuta ya taa hata siku za mvua. Alikuwa mrefu na mwembamba, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimeungua mara nyingi mno hata akawa anashika bilauri ya chai ya moto bila kushtuka. Ukimletea taa hakuifungua kwanza. Aliiweka karibu na sikio, akaipampu mara mbili, akasikiliza, kisha akatoa hukumu: "Iko na kikohozi." Akimaliza kuitengeneza hakusema imepona wala imewaka. Alisema, "Sasa iko inaona." Na mvuvi akimharakisha, alimtazama kwa upole na kumwuliza, "Kwani samaki wamekuandikia barua?"

Samaki wenyewe hakuwala. Aliishi kwa wavuvi, akavaa kwa wavuvi, akasomesha kwa wavuvi, na nyumbani kwake walikula maharage na sombe, majani ya muhogo. Ukimwuliza sababu, alisema amesikia habari zao nyingi mno hata hamu imemwisha. Alikuwa na mambo mengi ya kupingana hivyo. Hakukosa sala ya Ijumaa, lakini sikukuu za Wakatoliki alizijua kuliko sisi tuliobatizwa, kwa sababu taa za kanisa zilipita mikononi mwake. Alipenda kujua kila kitu cha mtu, lakini wewe ukimwuliza ana watoto wangapi, alikujibu kwamba watoto hawahesabiwi, akarudi kwenye pampu yake. Kibandani alikuwa mchache wa maneno mpaka akachosha. Kumbe alikuwa anayaweka akiba.

Swali lake kubwa lilikuwa moja. Kabla hujaiweka taa chini alikuuliza, "Weye ni wa nani?" Hakuridhika na jina lako peke yake. Alitaka jina, kilima ulichotoka, na baba yako ni nani, kwa mpangilio huohuo, na ukiruka moja alikurudisha. Hakuandika popote. Yote yalikaa kichwani, na baada ya miaka mitatu ungepita barabarani na mzigo wako, akakuita kwa jina, kilima na baba, ukajiona mtu mkubwa kwa siku nzima.

Gari la sinema lilikuja mara mbili au tatu kila kiangazi. Lilisimama kwenye uwanja wa mpira, dereva akawasha jenereta, na jua likishazama upande wa Kongo tu mambo yakaanza. Filamu zilikuwa tano. Ni tano zilezile kila mwaka, na hakuna aliyelalamika. Kwenye kipaza sauti alisema mtu kwa Kifaransa, sauti nzito, isiyo na haraka, ya mtu aliyeshiba. Tulimwita Mfaransa wa ndani ya boksi, ingawa bila shaka alikuwa Mbelgiji. Mwaka wa kwanza gari lilikuja na mfasiri wake, akashikwa na malaria akalala chini ya gari akitetemeka. Dereva akauliza nani hapa anajua Kifaransa. Watu wakamsukuma mbele fundi wa karabai, kwa kuwa ujanani alifanya kazi kwenye boti ya Mgiriki aliyekuwa akinunua samaki pwani hii, na yule Mgiriki alizungumza Kifaransa. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba alichojifunza pale kilikuwa Kifaransa cha kuombwa chumvi na kutukanwa. Basi ndivyo alivyopata cheo.

Kwa kazi hiyo alikuwa na koti. Lilikuwa jeusi, zito, la nchi za baridi, na hakulivaa siku nyingine yoyote, si Idi wala arusi. Alijitengenezea na tarumbeta la bati la kusemea, kwa mabati ya taa zilizokufa. Akilivaa koti lile na kushika bati lake, yule mtu mchache wa maneno alitoweka, akaja mwingine.

Mfaransa alisema maneno yake marefu, vijana wa Magara wakaonekana wakivuta wavu, na Mfasiri akainua bati. "Anasema, muangalie mikono ya huyu wa mbele." Akamtaja, jina, kilima, baba. "Ile wavu alifuma yeye mwenyewe, kwa miezi mitatu. Muke wake amezaa juzi, mutoto mwanamuke. Kesho mupite mumusalimie." Na kesho yake kweli watu walipita, na kweli walimkuta mtoto wa kike. Kwa kuwa filamu zilikuwa zilezile, alikuwa na mwaka mzima wa kuzifanyia kazi. Alipanda baiskeli mpaka Magara, mpaka Kabezi, akarudi mpaka Kigwena, akiwatafuta watu aliowaona kwenye shuka, akawauliza habari zao na kuzisasisha. Mtu akiwa amekufa, Mfasiri alituambia amekufa, na marehemu akaendelea kuvuta wavu mbele yetu. Nakumbuka nikidhani hiyo ndiyo maana ya filamu.

Wale wa milimani ambao baiskeli haikuwafikia aliwapa majina na jamaa kutoka kichwani. Mfinyanzi wa chungu alimpa jina la Mama Zaina. Huyu naweza kumwandika kwa kuwa jina hilo hakuwa nalo. Alituambia Mama Zaina ni mjane, na ana kaka mvivu anayekula vyungu vyake, yaani anaviuza na kunywa pombe. Kaka huyo hakuwahi kuonekana kwenye shuka hata kidogo, na Rumonge nzima ilimchukia. Mwaka mmoja mwanamke wa sokoni alimpa dereva furushi la ndagala wakavu ampelekee Mama Zaina, naye aseme wametoka kwa rafiki asiyemjua. Dereva aliwapokea kwa heshima zote, na sina shaka walikuwa watamu.

Wiki ya uhuru gari lilikuja na bendera mpya mbele ya kioo. Tulijaa uwanjani mapema, tukidhani sasa filamu nazo zimepata uhuru. Zikaja zilezile tano, na Mfaransa yuleyule. Watu wakaanza kunung'unika. Mfasiri akasikiliza sauti ile kwa makini, kichwa kimeinama, akainua bati lake na kusema, "Leo anasema murakoze, anatushukuru. Anasema amekula samaki yetu miaka mingi, hakuna siku alisema murakoze, sasa anasema." Uwanja ulicheka mpaka dereva akatoka kuangalia kama jenereta imepasuka. Baba yangu alicheka mpaka akashika goti la jirani. Sijawahi kusikia maelezo mengine ya uhuru yaliyoniingia kuliko hayo.

Baba naye alikuwa mtu wa filamu. Filamu ya nne ilionyesha mawese yakikamuliwa Kigwena. Watu wawili wanazunguka mtambo wakisukuma mti mrefu, kila mmoja upande wake, na yule anayetokea kwanza, kifua wazi, ndiye baba, kabla sijazaliwa. Anapita mbele ya kamera, anageuka, anapotea nyuma ya mtambo, na yule wa pili anachukua nafasi yake. Ilikuwa pumzi chache tu. Baba hakuwa mtu wa majivuno. Hakukaa mbele kanisani, hakusema mikutanoni. Lakini jioni ya sinema alioga, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa na mgongo wima akingoja filamu ya nne. Mfasiri akalitaja jina lake, kilima chake, na jina la babu yangu, akaongeza neno moja ambalo hakulibadilisha mwaka hata mwaka: "Huyu hajawahi kuchanganya mawese na maji." Baba aliinamisha kichwa. Mwaka mzima uliobaki aliishi kwa neno hilo.

Sasa nifike kwangu. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, mwanafunzi wa masista, wa kwanza darasani, na ugonjwa wangu wa kusahihisha watu haukuwa na dawa. Nyumbani nilimsahihisha mama akisali. Njiani nilisahihisha vibao vya maduka. Kifaransa changu kilitoka kwenye ubao na kwenye sala, na katika Salamu Maria ya Kifaransa kulikuwa na neno tulilolisema mara hamsini kwa siku: pécheurs. Maana yake watu wenye dhambi. Neno hilo ningelijua hata nikiwa usingizini.

Jioni moja ya sinema nilikaa mstari wa mbele, na wenzangu wa darasa. Wavuvi wa Magara wakatokea, na kwa mara ya kwanza nikasikiliza boksi badala ya kumsikiliza Mfasiri. Nikalisikia neno langu. Likaja tena. Mfasiri akainua bati na kuanza, "Anasema, hawa wavuvi..." Mimi nikasimama.

"Hapana," nikasema. "Hakusema wavuvi. Anasema wenye zambi."

Alinitazama juu ya lile bati. "Mutoto, kaa."

"Nimesikia. Pécheurs. Tunalisoma kila siku. Wenye zambi." Nikageukia wenzangu, na darasa zima, waliofundishwa sala moja na masista walewale, wakaitikia kwamba ndiyo, ni wenye dhambi.

Kwanza watu walicheka. Halafu mvuvi mmoja wa Magara, mtu mzima, akasimama huko nyuma na kuuliza bila hasira, "Kwa nini anatuita wenye zambi? Tumemufanyia nini?" Hapo kicheko kikakatika. Mwingine akasema, "Mufasiri, kumbe miaka hii yote wanatutukana, weye unatufichia?" Mwingine akauliza kama habari za mke wa nani amezaa nazo zilitoka kwa Mfaransa. Sauti zikazidi. Mfasiri hakujitetea. Nadhani hakuwa na uhakika. Alikuwa ameyatunga mengi mno kwa miaka mingi mno, na sasa alipolihitaji neno moja tu la kweli hakujua kama analo. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaja mpaka nilipokuwa na kunipa bati.

"Basi, binti," akasema, "tufasirie weye."

Nikalishika. Mfaransa akaendelea kusema kwa utulivu wake. Nilingoja aseme meza, nilingoja dirisha, nilingoja daftari, na hakuna kilichokuja. Filamu ya pili ikapita kimya, na ya tatu. Ikaja ya nne, baba akatokea akisukuma mti, akapita, akageuka, akapotea. Ningeweza angalau kusema huyu ni baba yangu, lakini nilikuwa bado nasubiri neno la Kifaransa ninalolijua.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni baba akasema, si kwa kunilaumu, "Leo nimepita kama mutu wa njia." Akavua shati lake la pasi, akalitundika, akalala.

Mfasiri hakusimama tena kando ya shuka. Gari lilikuja kiangazi kilichofuata, Mfaransa akasema peke yake, na wengi waliondoka katikati. Taa aliendelea kuzitengeneza. Ila hakuuliza tena mtu ni wa nani. Uliweka taa chini, akaisikiliza, akakuambia siku ya kurudi.

Nilipokuwa sekondari, mbali na nyumbani, mwalimu wa Kifaransa aliandika maneno mawili ubaoni siku moja. Pêcheur na pécheur. Masikioni ni ndugu, karibu mapacha. La kwanza limevaa kofia ndogo juu ya e, na maana yake ni mvuvi. La pili halina kofia, lina alama ya mshazari tu, na maana yake ni mwenye dhambi. Mwalimu akafanya mzaha kuhusu mitume, darasa likacheka. Mimi nilitoka nje nikasema naumwa tumbo. Yule mzee alikuwa sahihi. Kati ya maneno yote aliyowahi kutufasiria, hilo ndilo hakuwa amelitunga. Mtu aliyefanya kazi kwenye boti ya samaki angekosaje kulijua? Nilimnyang'anya neno pekee lililokuwa lake kwelikweli.

Niliapa kumwambia likizo ile. Nilipita mbele ya kibanda chake mara tatu. Mara ya kwanza palikuwa na wateja. Mara ya pili alikuwa anaswali. Mara ya tatu hapakuwa na mtu, alikuwa peke yake na taa sikioni, akainua macho, nikamwambia "Amahoro, mzee," akanijibu "Amahoro, binti," nikaendelea na safari yangu ya kwenda popote. Likizo nyingine nikajiambia nitakwenda na baba, baba naye alisikie. Baba alikuwa na kazi. Pasaka ya mwaka wa sabini na mbili nilimwambia baba nina jambo la kuwaambia wote wawili pamoja, akauliza jambo gani, nikacheka na kusema ngoja likizo kubwa.

Likizo kubwa haikuwakuta. Wiki chache baada ya Pasaka ile yalianza yale ambayo Warundi huyaita ikiza, yaani janga, na yalianzia kwetu, kando ya ziwa. Watu waliuawa, kisha watu wengine wakachukuliwa. Nilikuwa shuleni, nyuma ya ukuta, na habari zilinifikia vipande vipande. Mama ndiye aliyenisimulia baadaye. Siku moja watu walikusanywa, mtu akasoma karatasi ya majina, na waliosomwa walipanda lori, wasirudi tena. Baba alisomwa. Mfasiri hakusomwa. Alisimama palepale akasikiliza mpaka mwisho wa karatasi, na kabla wiki haijaisha alikuwa amevuka ziwa kwenda Kongo. Kibanda chake kilibaki na taa nne za watu, zote bado zina kikohozi.

Miaka ikapita. Nikaolewa Bujumbura, nikafundisha, nikazaa. Televisheni ikafika. Na Jumapili moja, baada ya filimbi na ng'ombe, nikiwa na sinia la mchele mapajani nachambua, baba akatokea sebuleni kwangu, kifua wazi, akisukuma mti. Mfaransa alikuwa yuleyule, na safari hii nilimwelewa kila neno. Alisema kwamba kwenye fukwe hizi mkulima bado anakamua mawese kama babu zake, bila maarifa lakini kwa furaha. Baba akageuka, akapotea. Mchele wote ulikuwa sakafuni.

Toka siku hiyo sikukosa Jumapili hata moja, na filamu zilizunguka, kila baada ya wiki kadhaa ya mawese ilirudi. Nilitaka kuisikia ile sauti ya bati ikisema yule hajawahi kuchanganya mawese na maji. Nikaulizia, nikaambiwa Mfasiri amerudi kutoka Kongo, yuko Rumonge kwa binti yake, hatengenezi tena taa, macho yamechoka. Nilihesabu wiki, nikachagua Jumapili ambayo mawese yangefika, nikapanda minibasi asubuhi.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, amekonda zaidi. Nilijitambulisha kama alivyotufundisha, jina, kilima, baba. Aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Nikamwambia yote, uwanja, bati, neno, kofia juu ya herufi. Nilikuwa nimeyabeba miaka mingi nikafikiri yatachukua saa nzima, yakaisha kabla chai haijapoa.

"Ninajua," akasema. "Kule Kongo, Uvira, nilitengenezea mwalimu mumoja taa yake. Nikamwuliza hiyo neno. Akaniandikia yote mawili. Nikaona kofia." Akatabasamu. "Nikakaa pale chuoni kwake miaka miwili, nyuma, na watoto. Sasa Kifaransa ninakisikia."

"Ulinikasirikia?"

"Mwaka muzima. Kisha ikaisha."

Nikamwomba twende tukaangalie kipindi. Jirani, mfanyabiashara wa mawese, alikuwa na televisheni, na kila Jumapili aliweka mabenchi sebuleni, watoto wakajaa. Alikubali bila kusita. Hakuwa na koti. Tulipewa benchi la nyuma. Filimbi ikalia, ng'ombe wakashuka, na vijana wa Magara wakatokea na wavu wao. Mtoto mmoja akageuka, "Mzee, anasema nini?"

Mfasiri akasikiliza. "Anasema, hawa ni wavuvi. Wanavuta wavu asubuhi." Akaishia hapo. Mfaransa akasema tena. "Anasema, wavu imefumwa kwa kamba ya miti." Ilikuwa tafsiri safi, neno kwa neno, ningempa alama zote.

Nikamnong'oneza, "Na yule wa mbele? Mkewe alizaa mtoto wa kike. Uliwahi kututajia."

"Mufaransa hakutaja jina, binti."

Nikamwambia, basi ni mimi, ni mimi niliyekuziba mdomo siku ile. Akatikisa kichwa. Aliendelea kutazama televisheni alipokuwa akisema, polepole, ili watoto wasisikie.

"Baba yako nilimutaja mbele ya watu mwaka kwa mwaka. Nikafikiri ninamupa heshima. Ile siku walisoma karatasi, nilikuwa pale. Wakasoma jina, kilima, baba. Jina, kilima, baba. Ilikuwa namna yangu. Nikasema moyoni, nani alikuwa anakaa pale uwanjani, anasikiliza, anaweka kichwani?"

"Karatasi haikutoka kwako, mzee."

"Sijui," akasema. "Na weye haujui. Miye ninajua tu, kule Uvira nilikuwa ninafikiri, yule mutoto angesimama mapema zaidi. Angesimama mwaka wa kwanza."

Miaka yote nilikuwa nimejutia kumnyamazisha, kumbe mwenzangu alijutia kusema.

Na ndipo mtambo wa Kigwena ukatokea. "Anasema, mukulima mumoja anakamua mawese," Mfasiri akawaambia watoto. Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nikasimama nyuma ya mabenchi yale, mwalimu mzima, mama wa watu, nikasema kwa sauti, "Huyu ni baba yangu." Nikalitaja jina lake, na kilima, na jina la babu. "Hajawahi kuchanganya mawese na maji." Watoto wote waligeuka kunitazama mimi badala ya kumtazama yeye, na walipogeuka tena alikuwa ameshaingia nyuma ya mtambo.

Akatokea yule wa pili. Mrefu, ana kovu begani, anacheka na mtu asiyeonekana. Alikuwa amesukuma mti mmoja na baba yangu, na sikujua ni nani. Siku zile za shuka sikuwa nikimsikiliza Mfasiri alipofika kwake, kwa kuwa nilikuwa namtazama baba akiinamisha kichwa.

Mtoto wa mbele akauliza, "Na huyu?"

Nikamgeukia Mfasiri. Alikuwa amesogea mbele kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Midomo yake ilikuwa inatembea. Ilitembea kidogo, ikapumzika, ikatembea, ikapumzika, ikatembea, mara tatu, lakini sauti ya Mfaransa ilikuwa juu, anaeleza bei ya mawese sokoni, na mimi sikusikia kitu. Nikampigia kelele mwenye nyumba apunguze sauti. Alipokipata kitufe na kuizima, tayari filimbi ilikuwa inakifunga kipindi, na Mfasiri ameufunga mdomo wake, anawatazama ng'ombe.